Pesa za Riyadh, Jina la Kijana

Katika ploti moja ya Kawangware, ndani kidogo kutoka mwisho wa safari ya matatu za 46, wapangaji wote humwita Senje, yaani shangazi. Walilidaka jina hilo kwa kijana wa kaka yake, aliyekuja kutoka Bungoma kumalizia shule kwa shangazi yake na hakurudi tena. Nami nitamwita hivyo hivyo. Mama huyu nimemtunga, nikimshonea vipande vya watu kadhaa wa pande hizo, maana wenye visa vyenyewe hawataki vitembee na majina yao. Huduma, sheria na takwimu nitakazotaja ni za kweli.

Senje huuza omena na mbuta wa kukaanga. Mumewe alifariki mwaka 2011. Mwaka 2016 binti yake alipanda ndege kwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, akamwachia mtoto wa miaka mitatu na ahadi ya shilingi 18,000 kila mwisho wa mwezi.

Mara ya kwanza binti kutuma, pesa hazikufika. Laini ya Senje ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe. Yeye ndiye aliyeinunua, yeye ndiye aliyeiandikisha M-Pesa siku za mwanzo, na alipofariki mjane akairithi pamoja na simu na nambari ya siri. Nani angekumbuka, katikati ya matanga, kupanga foleni na cheti cha kifo ili laini ibadilishwe jina? Wateja wakilipia omena waliona jina la marehemu kwenye ujumbe, wakalizoea. Huko Riyadh halikuzoeleka. Binti aliandika jina la mama yake, mtambo ukakuta jina la baba, ukakataa.

Binti akapiga simu: ni nani hapo nyumbani ana laini isiyo na matatizo? Kijana. Wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye kibanda cha chaja na kava za simu Luthuli Avenue, mtaa ambao mtu wa Nairobi huuendea akitaka chochote chenye waya. Wakakubaliana kwamba pesa zitue kwake, azitoe kwa wakala, na Jumapili ampelekee senje wake mkononi. Laini mpya kwa jina la Senje isingefika bei ya kilo moja ya omena, lakini jambo lilikuwa limeshapata njia, na sisi Wakenya jambo likishapata njia huliacha lijiendee.

Niseme mapema, kabla msomaji hajaanza kumnyoshea kidole kijana: hakuiba hata ndururu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alifika na noti 18 za elfu moja, akazihesabu mezani, Senje akazihesabu tena, kisha akaandika kwenye daftari. Angekuwa mwizi, funzo hili lingekuwa jepesi na nisingejisumbua kuliandika.

Wanaokumbuka miaka ya tisini wanajua kwamba hata mpango huu wa Senje ulikuwa neema. Zamani pesa za ng'ambo zilisafiri ndani ya bahasha ya mtu anayerudi likizo, au ukaenda katikati ya jiji kuzipokea Western Union kwenye tawi la Postbank, na kitambulisho kikikosana na fomu kwa herufi moja ulirudi nyumbani mikono mitupu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kazi yake ilikuwa kumwezesha mtu wa mjini kutuma nyumbani kijijini. Pesa za ng'ambo zilikuja kuunganishwa baadaye, na tangu hapo hazijatazama nyuma. Mwaka 2007 Wakenya walio nje walituma dola zisizofika milioni 600 kwa njia zinazohesabiwa na Benki Kuu. Mwaka 2024 walituma takriban dola bilioni 4.9, fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai. Zaidi ya nusu hutoka Marekani, lakini Saudia nayo imepanda haraka, na pesa zake nyingi ni jasho la wasichana kama binti wa Senje.

Katika kipindi hicho hicho utafiti wa FinAccess umeonyesha watu wazima wanaotumia huduma rasmi za fedha wakipanda kutoka takriban asilimia 27 mwaka 2006 hadi karibu 85 mwaka 2024. Ukiziweka takwimu hizi mbili pamoja utasema kazi imekwisha: pesa zinaingia, watu wana akaunti, milango iko wazi. Hata wasomi wamelisema, na kwa ushahidi. Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016 utafiti ulioonyesha kwamba M-Pesa ilikuwa imeziinua kaya zipatazo 194,000 za Kenya kutoka umaskini, na kwamba wanawake wengi waliacha kutegemea kilimo wakaingia biashara. Mimi siupingi. Swali langu ni dogo: pesa zinapopita, zinaacha alama kwenye jina la nani?

Senje alikutana na swali hilo mwaka 2021, kwenye ukumbi wa benki moja Moi Avenue.

Alikuwa amepata chumba kinachotazama barabara, upande wa Kawangware uitwao Congo, mahali ambapo watu hushuka matatu jioni wakiwa na njaa. Mwenye chumba alitaka kodi ya miezi kadhaa mbele. Ukiongeza friza na mizani, hesabu ilikuwa shilingi 250,000. Senje alivaa kitenge cha kanisani, akatia daftari kwenye mkoba, akapanda 46 hadi mjini. Daftari hilo lilikuwa la kurasa 96, la wanafunzi, na ndani yake alikuwa ameandika kila shilingi ya Riyadh tangu 2016: tarehe, kiasi, na ilivyotumika. Karo. Kodi ya nyumba. Dawa ya mtoto. Gunia la mkaa. Alifikiri benki haijawahi kuona mteja aliyejipanga namna ile, na huenda ni kweli.

Afisa wa mikopo alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Alilifungua daftari akalisoma kurasa mbili tatu kwa heshima.

"Mama, umeandika vizuri kuliko watu wengi wenye ofisi. Hizi pesa zinaingia kwa nani?"

"Kwa kijana wangu."

"Laini ni yake? Jina lake, kitambulisho chake?"

"Yake."

"Na hii laini unayolipwa na wateja?"

"Ya baba watoto."

"Yeye yuko wapi? Aje mzungumze pamoja."

"Alifariki, mwanangu."

Msichana alinyamaza kidogo. Hakuwa na dharau. "Pole sana, mama. Lakini ona shida yangu. Mimi natakiwa kuweka kwenye mfumo taarifa za pesa za miezi sita. Upande huu pesa ni za kijana. Upande ule laini ni ya marehemu. Wewe mwenyewe nikutafute wapi?"

Alishauriwa afungue akaunti, aitumie kwa nusu mwaka, kisha arudi. Ushauri mzuri, na Senje aliutupa palepale mlangoni. Alitoka akiamini kwamba benki si ya watu wa Kawangware, imani ambayo ukiitafuta mtaani utaipata kwa kila nyumba ya tatu, na ambayo mabenki yenyewe yaliijenga kwa miaka mingi yalipokuwa yakidai akiba ya mwanzo ambayo mama wa sokoni hakuwa nayo.

Kutoka kwake angepanda Gitanga Road kwa miguu, angeingia Lavington kabla ya kuchoka. Huko, na zaidi Westlands, mabenki yana dawati maalumu la Wakenya wa ng'ambo. Muuguzi aliye Texas hutuma dola zake moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina lake. Miaka mitatu ikipita benki inamjua kuliko inavyomjua jirani yake: inajua tarehe zake, kipato chake, kama hukosa. Anaponunua nyumba Kilimani kwa mkopo, mkopo huo umesimama juu ya rundo la taarifa alizokuwa akiliachia jina lake bila hata kufikiri. Binti wa Senje hatumi kiasi kama cha muuguzi, hilo liko wazi. Lakini hakukosa mwezi hata mmoja kwa miaka mitano, na kwa mkopeshaji kutokosa ni sifa kubwa. Sifa hiyo ilikuwa inamwendea mtu mwingine.

Sasa tumtazame huyo mtu mwingine.

Mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza Novemba 2012, ikafuatwa na KCB M-Pesa mwaka 2015, na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuwezesha kulipa au kutuma pesa hata salio lako likiwa limepungua. Huduma zote tatu hupima mtu kwa jinsi anavyotumia laini yake. Mtambo haumjui Senje wala haujui kwamba kuna mtoto analelewa Kawangware. Unachokiona ni kijana ambaye kila mwisho wa mwezi hupokea 18,000 kutoka nje ya nchi, bila kukosa, mwaka baada ya mwaka. Ukampenda. Kiwango chake cha Fuliza kikapanda hadi 24,000. Yeye aliona ni bahati, na nani angeona vinginevyo? Simu inakwambia unaaminika, utaibishia?

Akaacha kuajiriwa, akakodi kibanda chake mwenyewe, na mzunguko wake ukawa huu. Pesa za Riyadh zikiingia, Fuliza inakata deni lake kwanza, maana ndivyo ilivyotengenezwa: chochote kinachoingia kwenye laini hulipa deni kabla ya mwenye laini kukigusa. Deni likishafutika, kiwango kinarudi, na kijana anakitumia tena dakika hiyo hiyo kumlipa muuzaji wa jumla. Noti anazompelekea senje wake Jumapili zinatoka kwenye mauzo ya kibanda. Hesabu inatimia, 18,000 kamili. Mwezi kwa mwezi, jasho la binamu yake lilikuwa linafua deni lake, na kadiri lilivyofua ndivyo mtambo ulivyozidi kumwamini.

Je, alijua? Nadhani alijua nusu. Alijua kwamba pesa za senje "zinasaidia kuzungusha," kama wanavyosema wenye vibanda, na kwamba senje hajapungukiwa. Asichokijua, au alichokataa kukijua, ni kwamba alikuwa anakopa kwa dhamana ya mshahara usio wake, na mwenye mshahara hajaulizwa. Kwenye chama, mdhamini husimama mbele ya watu akasema ndiyo. Binti wa Riyadh alimdhamini binamu yake kwa miaka bila kufungua kinywa.

Serikali iliwapa nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano iliagiza usajili wa laini za simu uhakikiwe upya. Siku ya mwisho ya kwanza ilikuwa 15 Aprili, ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Foleni zilijaa mjini. Oktoba Senje alipanga foleni na cheti cha kifo, hatimaye, akatoka akiwa na nambari ile ile ya zamani, sasa kwa jina lake. Jioni hiyo wateja walianza kumtania kwamba amebadilisha mume. Kilichobaki ni kumpigia binti simu: futa jina la kijana kwenye hiyo programu yako, andika la kwangu. Hakupiga. Kijana angejisikia vibaya, alisema, kama kwamba hatumwamini.

Aibu ya namna hii naiheshimu, maana ndiyo gundi ya jamaa zetu. Lakini imekula pesa nyingi kuliko wezi wa mjini.

Mwezi uliofuata mwajiri wa Riyadh aliacha kulipa. Si jambo geni; waliorudi kutoka Ghuba wanalisimulia kama mtu anavyosimulia mvua. Mwezi wa kwanza ni subiri, wa pili ni subiri, wa tatu binti akaanza kuongea na ubalozi. Kule Nairobi, mwisho wa Novemba ulipita bila kitu kuingia. Desemba ikapita. Fuliza ya kijana ilisimama pale ilipokuwa, ikila ada ya kila siku. Siku 30 zikapita, kiwango kikafungwa. Muuzaji wa jumla naye akataka pesa taslimu. Kijana akajaribu kuziba tundu kwa kukopa kwenye programu nyingine ya simu, kisha nyingine kulipa ile. Wakopeshaji wa aina hiyo waliwekwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya mwisho wa 2021 na kanuni za 2022, kwa sababu walikuwa wakipigia simu mama mkwe wa mtu na mwajiri wake kumwaibisha. Sheria imewapunguza makali. Haiwezi kumzuia mtu kukopa Jumatatu alipe deni la Ijumaa.

Februari 2023, mtoto, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, alianza kulia na tumbo. Ilikuwa ni kidole tumbo. Akalazwa, na kukawa na vipimo, dawa na gharama za upasuaji. Kwa bahati, wiki hiyo hiyo mwajiri alikuwa amelipa sehemu ya malimbikizo. Binti hakuuliza maswali. Saa tatu usiku alituma 30,000 pale alipozoea kutuma, akampigia mama yake: "Mama, zimeenda. Mwambie azitoe sasa hivi."

Kijana alikuwa amesimama nje ya duka la wakala na simu mkononi. Ujumbe ukaingia. Pesa zimepokelewa. Chini yake mwingine: deni la Fuliza, lililokuwa limepita 26,000 pamoja na ada, limelipwa kikamilifu. Salio halikufika 4,000. Akajaribu kutumia Fuliza tena, kama alivyofanya kila mwezi kwa karibu miaka minne. Akajibiwa kwamba kwa sasa hawezi. Wakala, aliyekuwa anafunga, akamuuliza kama anatoa au hatoi.

Hakuna aliyevunja sheria usiku huo. Huduma ilifanya ilivyoahidi kwenye masharti ambayo kijana aliyakubali kwa kubonyeza nambari moja. Binti alituma, kijana alipokea, mkopeshaji alilipwa. Na mtoto alikuwa kitandani.

Kilichomwokoa ni chama cha wanawake wauza samaki, watu kumi na wawili wanaokutana kila Alhamisi nyuma ya kibanda cha mmoja wao. Mweka hazina alifungua daftari, akatazama mstari wa Senje, akaona michango ya miaka sita haijakatika. Wakatoa 20,000 usiku ule kutoka kwenye sanduku, nyingine zikachangwa na ploti. Asubuhi mtoto alifanyiwa upasuaji, akapona, na kovu lake huwaonyesha wenzake shuleni kama medali. Katika mji mzima wenye mabenki na mitambo inayohesabu kila shilingi, daftari pekee lililomjua mama huyu kwa jina lake kama mtu wa kuaminika kwa pesa lilikuwa la sanduku la wauza samaki.

Kuna utafiti wa El Salvador, nchi inayoishi kwa pesa za watu wake walioko Marekani, ambao nimeukumbuka mara nyingi nikiwaza kisa hiki. Diego Anzoategui na wenzake waliuchapisha mwaka 2014. Waligundua kwamba kaya zinazopokea pesa kutoka nje zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na akaunti ya akiba. Upande wa mikopo, hawakuona tofauti ya maana. Maelezo mojawapo ni kwamba anayepokea pesa hahitaji kukopa: pesa yenyewe inachukua nafasi ya mkopo. Naona ukweli ndani yake, na naona hatari. Pesa ya ng'ambo humfanya mtu asihisi haja ya kujulikana na benki, mpaka siku itakapokatika. Siku hiyo anahitaji mkopo kuliko wakati wowote, na ndiyo siku ambayo hana cha kumwonyesha mkopeshaji.

Sisemi kila anayepokea akimbilie mkopo. Wako wengi ambao wamekaa salama kwa sababu hakuna aliyewakopesha. Na si kila mlango wenye bango ni benki. Akiba ya benki hulindwa na bima ya amana hadi shilingi 500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka 100,000. Waliokuwa na pesa Imperial Bank ilipofungwa Oktoba 2015 wanajua ile laki moja ilikuwa fupi kiasi gani. Pesa unayompa mtu anayekuuzia ploti ya Kikuyu kwenye picha ya simu haina bima ya mtu yeyote. Walio ng'ambo wameliwa sana huko, mara nyingi kwa mkono wa ndugu mwaminifu aliyetumwa kulipa bila kutumwa kwanza Ardhi House kutazama jina lililo kwenye hati.

Lakini tofauti ya kukopa na kuweza kukopa ni kubwa. Senje alistahili kuweza.

Kijana aliwaambia ukweli wote hospitalini, kwenye benchi la nje, na alilia. Senje hakumfukuza. Alimpigia binti simu pale pale, mbele yake, na jina likabadilishwa kwenye programu. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Aibu iliyoogopwa tangu Oktoba ilidumu siku mbili.

Tangu hapo pesa hutua kwa Senje. Mwanzoni alizitoa zote siku ile ile kwa mazoea, noti 18, kama kwamba zingeyeyuka ndani ya simu. Mweka hazina wa chama ndiye aliyemkanya: ukizitoa zote zikiingia, anayesoma taarifa zako ataona bomba, hataona tangi. Akafungua akaunti kwa kitambulisho chake, akaanza kuhamishia huko 3,000 kila mwezi, na mauzo ya omena akayapitisha kwenye nambari ya Lipa na M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lake. Karo ya mtoto binti sasa huituma moja kwa moja kwenye Paybill ya shule, na kwa hiyo haipiti kwa mtu. Kwa hasira kidogo, naye binti alijiuliza yeye je? Miaka saba ya Saudia, na akirudi leo ataingia benki gani aseme alikuwa na mshahara? Akajiunga na ushirika wa akiba na mikopo wenye ofisi mjini, baada ya mama yake kwenda kuhakikisha kwamba una leseni ya SASRA, mamlaka inayosimamia vyama hivyo, na 4,000 zake huingia kila mwezi kwenye nambari yake ya uanachama. Mama anapata 14,000. Walibishana juu ya hilo kwa wiki mbili kabla ya Senje kukubali, na bado hulitaja akikasirika.

Mwishoni mwa 2023 alirudi Moi Avenue. Yule msichana alikuwa amehamishwa tawi. Aliyekaa mahali pake hakuuliza habari za daftari. Alitazama kompyuta, akauliza bei ya omena kwa gunia, akatazama tena. Senje aliomba 250,000. Akapewa 80,000. Chumba cha Congo kilikuwa kimechukuliwa zamani na muuza viatu, lakini friza alinunua, na sasa mbuta wa Jumamosi haozi Jumatatu.

Kijana alirudi kuajiriwa Luthuli, kibanda cha mtu mwingine. Jina lake liliorodheshwa na mashirika ya kumbukumbu za mikopo kwa ajili ya zile programu mbili, na alilipa kidogo kidogo hadi akapata cheti cha kuonyesha amemaliza. Mwaka jana aliingia ule ushirika wa binamu yake. Alipotaka mkopo wa kwanza, akaambiwa alete wadhamini, akamwendea senje wake, ambaye naye alikuwa amejiunga na ushirika huo.

"Senje, wewe unanijua."

"Nakujua. Niletee taarifa zako za miezi sita."

Alidhani ni utani. Jumapili akazileta zikiwa zimechapishwa, na Senje akavaa miwani akazipitia mstari kwa mstari, akiuliza hii ni nini, na hii ulimtumia nani, huku mtoto akimsomea maandishi madogo. Kijana alikuwa ameomba adhaminiwe kwa 60,000. Alimdhamini kwa 15,000.